Asali Yenye Nyasi Juu

"Hata uzi," alisema Perpetua Gidabuday, akagonga meza kwa kiganja mpaka mkasi ukaruka. "Rogathe, sikia vizuri, uje unishuhudie. Kutoka kwenye mkono huu kwenda kwa Basili Tluway, hata uzi mmoja hautoki. Na akitokea mtu wa kuniuliza kwa nini, unaujua mdomo wangu. Haujawahi kukosa jibu tangu nizaliwe."

Hilo la mdomo lilikuwa kweli, angalau mpaka asubuhi ile. Katesh nzima ilimjua Perpetua kwa mambo mawili: masweta ya shule aliyoyafuma kwa mashine kwenye kibanda chake karibu na stendi, na majibu. Mgambo wa soko walipita mbali naye. Wanaume waliomtaka walikuwa wanapanga maneno njiani, wakifika mlangoni yanawapotea, wanaishia kununua soksi.

Rogathe, msichana aliyemsaidia kushona vifungo, hakuinua macho.

"Sawa, dada. Na lile sweta la marooni ulilolificha nyuma ya mashine?"

"La mwalimu mkuu."

"Mwalimu mkuu ana mabega yale?"

"Ameanza mazoezi."

"Dada, mwalimu mkuu ni mwanamke."

"Kwani wanawake hawafanyi mazoezi? Shona vifungo."

Umeona? Jibu lilikuwepo.

Shida ni kwamba wiki hiyo kibanda cha Perpetua hakikuwa kibanda tena, kilikuwa ghala la jeshi. Vijana watatu wa Mbulu na Hanang walikuwa Lebanoni na kikosi cha kulinda amani. Mwenzao, Koplo Wolfgang, alikuwa amekuja likizo, na sasa likizo imekwisha, anarudi kule kule. Akina mama wa jumuiya wakakaa, wakasema haiwezekani mtu aondoke mikono mitupu huku watoto wetu wanakula vyakula vya makopo. Kila familia ikapewa begi moja la kujaza. Wolfgang akatoa sharti moja tu.

"Kilo nane kila begi. Ikizidi, pale uwanja wa ndege nanyang'anywa mimi, hamnyang'anywi nyinyi."

Nani mwenye mizani? Perpetua, ya kupimia nyuzi. Nani mwenye meza kubwa? Perpetua. Nani amegombana na mmoja wa hao askari watatu na hataki hata kulisikia jina lake? Hilo hakuna aliyeuliza.

Basi tangu Alhamisi watu walikuwa wanamletea vitu mpaka kichwa kikamuuma. Mama mmoja kutoka Dareda alileta jogoo hai. Perpetua akamweleza kwamba jogoo hapandi ndege. Mama akauliza, kwa nini, na yeye si ndege? Mzee mwingine akaleta mpini wa jembe, akasema mtoto wake hapendi mipini ya watu. Mwingine akaleta mguu wa mbuzi umefungwa gazeti, unachuruzika.

"Analinda amani, baba," Perpetua alimwambia, "siyo bucha."

Karanga akapokea. Vitunguu saumu vya Mbulu akapokea, kibanda kizima kikanuka, wateja wa masweta wakaanza kuulizia bei ya kilo. Soksi, rozari, majani ya chai, kahawa, shuka mpya, vyote alipima, akafunga, akapanga. Mabegi mawili yakaisha salama. La tatu, la Basili, lilikuwa linasubiri baraka za mwenyewe, yaani mama yake.

Mama mwenyewe aliingia mwendo wa saa nne, mwavuli mkononi. Fransiska, wote wanamwita Mama Basili, mfupi, imara, mwanamke wa kulima mlimani. Alikuwa ameondoka Masieda alfajiri, amebadilisha magari njiani, na uso wake ulisema kila gari limemuudhi kivyake.

"Shikamoo, mama," Perpetua alisema. Ugomvi ni ugomvi, shikamoo ni shikamoo.

"Marahaba." Mama Basili hakukaa. Alifungua zipu ya begi, akachomeka mkono mpaka kiwiko. "Saumu zipo. Karanga zipo. Rozari ipo. Asali iko wapi?"

"Asali gani?"

"Unaniuliza asali gani? Asali ya mwanangu! Kindoo cha bluu. Nimeitafuta mpaka Yaeda Chini, njia yote mawe. Juzi nikampa Mzee Agustino katekista, alikuwa anakuja huku kwa mambo ya macho yake. Jana Jumapili akakuta umefunga, akaelekezwa nyumbani kwenu. Kaiacha kwa baba yako."

Perpetua akaanza kuhesabu siku. Jana alikuwa kwaya mpaka jioni. Na leo asubuhi baba yake alikuwa anaimba. Mzee Gidabuday haimbi hivi hivi. Anaimba mvua ikinyesha au ng'ombe akizaa jike, na jana halikutokea hata moja.

"Mama," alisema polepole, "juu ya asali uliweka kitu?"

"Mfuniko umelegea. Nikaweka nyasi juu, isimwagike kwenye gari la watu."

"Nyasi kavu?"

"Kavu zinadondoka ndani! Mbichi. Nimechuma nzuri kabisa, za mtoni."

"Yesu wangu," alisema Rogathe, akaacha vifungo.

Kabla Mama Basili hajauliza Yesu anaingiaje hapo, mlango ukaingia giza. Mzee Gidabuday alikuwa mrefu kiasi kwamba mlango wowote aliosimama uliingia giza. Shuka mbili begani, fimbo, makubazi ya tairi, na mkononi kindoo cha bluu chenye nyasi mbichi zikining'inia kwenye ukingo. Alipomwona Mama Basili akafungua mikono yote miwili, kindoo kikining'inia.

"Mzazi mwenzangu!"

"Nani?" akasema Mama Basili.

"Nilijua utakuja. Nikasema, mama mwenye adabu ya kutuma mzee mzima na asali, lazima atakuja mwenyewe. Asali nzuri sana. Ya Yaeda, siyo? Niliijua ilipogusa ulimi tu."

"Umeila?"

"Nimeonja. Ndugu zangu wawili wameonja. Mama yake Perpetua ameonja. Sisi siyo watu wa kumzungusha mtu mwezi mzima na majibu."

"Mzee Gidabuday!" Mama Basili alishika kichwa. "Ile asali ni ya askari!"

"Ndiyo. Kijana wako si ni askari?"

Rogathe akainama chini ya meza kutafuta kifungo ambacho hakikuanguka.

"Baba," alisema Perpetua, "asali ilikuwa ya kupakia. Ya begi. Inakwenda Lebanoni."

Mzee akakaa kwenye kigoda, akaweka kindoo kati ya miguu, akasimamisha fimbo. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini jua linazama.

"Mimi nipo nyumbani Jumapili. Anakuja mzee wa watu, mzee wa heshima. Nampa maziwa, anakunywa. Anaulizia ng'ombe wangu, anaulizia mvua. Analeta asali, ina nyasi mbichi juu, kama asali ya posa ya kwetu. Shida yake haisemi, na mzee mwenye adabu haanzi na shida. Anaweka asali chini, ananiaga, anaondoka. Nyumba yangu ina binti mmoja hajaolewa. Mama Basili, ungekuwa ni wewe, ungesema amekuja kuuza?"

"Ungemuuliza!"

"Asali haiulizwi. Inaonjwa au inarudishwa."

"Sikiliza, mzee. Kwetu Masieda mtu akitaka mchumba tunaandika barua, tena katekista anaipeleka."

"Si katekista ndiye aliyeileta?"

Mama Basili akabana mwavuli kwapani. Akageukia begi kama vile begi lingemtetea.

"Mimi sijaposa kwako," alisema hatimaye, na sasa sauti yake haikuwa ya kelele, ndiyo maana iliuma zaidi. "Sitaki kukuvunjia heshima. Lakini mimi ni mama, ninaye kijana mmoja. Wewe kanisani naambiwa unaonekana Krismasi, na hata hapo unakaa nje na ng'ombe. Na binti yako, tusifichane, ana mdomo. Nilimwambia Basili asubiri, atafute msichana mpole. Tena huyu mwenyewe ameshamkataa! Pale stendi, mbele ya watu, alimwambia akaoe ndege."

Mzee akamgeukia binti yake. "Ulisema hivyo?"

"Nilisema akaoe buti zake. Ndege aliongeza kondakta."

"Sasa nataka asali yangu," alisema Mama Basili. "Wolfgang anaondoka na gari la jioni."

Mzee Gidabuday akazipanga vizuri nyasi juu ya kindoo.

"Nitakwambia jambo, mama, siyo kwa ugomvi. Asali hii ikirudi, mlango umefungwa. Mimi sitakuja Masieda, na kijana wako hatakuja kwangu, hata akija na ng'ombe wote wa Hanang. Kwetu haiji mara mbili." Akanyoosha fimbo kumwelekea Perpetua. "Lakini mwenye jibu la mwisho ni huyu. Akionja yeye, hata mimi siwezi kuirudisha. Hajaonja. Kwa hiyo aseme."

Wote watatu wakamwangalia. Mama yule, baba yule, na Rogathe kutoka chini ya meza.

Sijui ni kitu gani kinachompata mtu mwenye majibu akiulizwa swali lake mwenyewe. Perpetua alitaka kusema tusubiri. Alitaka kusema nipeni siku mbili nimsikie mtu wangu. Lakini maneno aliyosema mama yule kuhusu mdomo wake yalikuwa bado yanachoma, na mdomo, kama kawaida yake, ukatangulia.

"Jamani, ni asali! Nimepima saumu za watu tangu Alhamisi, nimefukuza jogoo, nguo zangu zinanuka kama jiko la hoteli, na sasa nachumbiwa kwa kindoo kilicholegea mfuniko! Irudi. Iende Lebanoni wakapake mkate. Mimi sitatia hata kidole."

Baba yake alimtazama kama anavyomtazama ng'ombe anayepita kisimani akijifanya hana kiu. Kisha akainuka.

"Basi utaipakia wewe. Mkono wangu haurudishi asali."

Akaondoka zake, safari hii bila kuimba. Mama Basili naye akachukua mwavuli, akasema anakwenda kusalimia ndugu zake kule Jorodom, atarudi kukagua kabla Wolfgang hajafika. Mlangoni aligeuka kuliangalia begi. Akatoka.

Perpetua akakaza mfuniko kwa plastiki na gundi ya karatasi, akaingiza kindoo kwenye begi, akatundika begi kwenye mizani. Kilo nane kamili, mshale umelala pale pale.

"Imetosha," alisema Rogathe. "Hata kitambaa cha mkono hakiingii tena."

"Nani kasema anataka kuingiza kitambaa?"

"Mimi nasema tu, dada."

"Nenda ukale."

Rogathe alipotoka, simu ikaanza kuimba juu ya meza. Namba ndefu ya ng'ambo. Perpetua akaiacha iimbe mpaka ikachoka. Ikaanza tena. Akapokea ili anyamazishe kelele, alijiambia.

"Petu."

Hakuna mwingine aliyemwita hivyo. Sauti ilikuwa karibu mno, kana kwamba jamaa amesimama nje ya dirisha.

"Umepiga kufanya nini?"

"Kukusikia ukinikasirikia. Huku hakuna anayenikasirikia vizuri."

"Ngoja nikupe namba ya mama yako."

"Ndiye aliyetoka kunipigia. Mwanzoni sikujua analia au anacheka. Anasema baba yako kala asali yangu."

"Kaonja. Na usihangaike, inarudi. Ipo kwenye begi." Halafu, bila kujua limetokea wapi, akauliza: "Kuna baridi?"

"Milimani huko theluji. Nimevaa fulana tatu, nimekuwa kabichi."

"Vaa koti."

"Koti la serikali halina joto, Petu. Linafunika tu."

Perpetua aliangalia nyuma ya mashine, kule alikolala mwalimu mkuu wa marooni. Akageuza uso haraka.

"Uliyataka mwenyewe. Ulijaza jina lako, ukapimwa, ukachanjwa, ukapewa tarehe, na mimi nikaambiwa na muuza chipsi. Muuza chipsi, Basili! Ananiambia pole huku ananiwekea kachumbari!"

"Nilikosea."

"Sikusikii."

"Nilikosea, Perpetua."

"Mtandao unakata."

"NILIKOSEA!"

Nyuma yake wanaume wakacheka, na mmoja akapaza sauti: "Msamehe, dada, tupumzike!" Perpetua akauma mdomo wa chini. Hakucheka. Karibu acheke, lakini hakucheka.

"Mwezi wa kumi na moja nilikuwa nilete wazee," Basili alisema, na sasa alikuwa ametoka nje, upepo ulisikika. "Mama akasema subiri. Na mimi nikaogopa."

"Uliogopa nini, wewe mwenye bunduki?"

"Nikikwambia naondoka, utasema nenda. Wewe unajibu haraka, Petu. Nikaogopa jibu lako la kwanza, maana najua huwa huna la pili."

Gari likapiga honi stendi, mpiga debe akaita abiria wa Singida, na Perpetua akawa anazungusha mkasi mezani.

"Asali ile sikuituma mimi," Basili aliendelea. "Lakini imefika kwenu, na mimi siikatai. Sitaki jibu la simu, kwenye simu utaniambia nikaoe kifaru. Wolfgang akifika nitafungua begi. Nikikuta asali ya mama, nitajua umeirudisha. Nitawagawia wenzangu, nitasema asante, sitakusumbua tena."

"Na usipoikuta?"

Lilimtoka kabla hajalizuia.

"Nitakula vitunguu saumu kimya kimya, kwa furaha," alisema. Na kwa sauti ya chini zaidi: "Mashine inafanya kazi vizuri?"

"Inafanya."

"Haya. Nisalimie mzee. Kaa vizuri, Petu."

Alipokata, Perpetua alibaki amesimama na simu sikioni kama mtu anayesubiri kurudishiwa chenji.

Mashine. Kwa nini aulizie mashine! Angeulizia afya, angeulizia mvua, kama watu. Ile Desemba matope yaliposhuka kutoka mlimani, kibanda chake cha kwanza, kule Jorodom, kiliondoka chote, na majirani aliokuwa akisalimiana nao kila asubuhi waliondoka pia. Siku ile alikaa kwenye jiwe, hana la kusema, yeye. Askari walikuja na sepetu. Mmoja, mrefu, masikio makubwa, akachomoa kitu cheusi kwenye tope.

"Dada, hiki ni kitu gani?"

"Mashine ya kufuma. Usiishike hivyo, siyo mbuzi."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu asubuhi. Yule askari akaigeuza, akaipakata mikononi kama mtoto mchanga, akaibeba mpaka barabarani. Jioni akarudi bila kutumwa na mtu, akakaa naye kwenye gunia, wakasafisha sindano za mashine moja moja. Kwa mswaki. Kesho yake ndipo Perpetua alipojua mswaki ule ulikuwa wa askari mwenyewe, na alikuwa na huo mmoja tu.

Mpaka leo kwenye kiungo cha mkono wa mashine kulikuwa na tope kidogo la mlima, limekauka, ambalo Perpetua hakulitoa. Akiulizwa alisema halitoki. Alikuwa hajawahi kulijaribu.

"Mjinga wewe," alisema. Haikueleweka alimwambia nani.

Alitoa sweta nyuma ya mashine. Marooni ya shule ya kata, kwa sababu ndizo nyuzi alizokuwa nazo nyingi, lakini shingo juu, kifua kimefumwa mara mbili, mikono mirefu kwa mtu mwenye mikono mirefu. Hakumpima mtu. Alifuma kwa kukumbuka tu jinsi mabega yale yalivyoziba mlango wa basi siku ya kuagana, akageuka kumtazama mara ya mwisho, na yeye akamtupia lile la buti.

Akalikunja, akaliweka juu ya begi. Mshale wa mizani ukapita nane, ukaenda zake.

Akatoa karanga. Bado. Akazirudisha, mama wa watu kazikaanga mwenyewe. Akatoa kahawa. Bado. Akafikiria kutoa rozari, akaona hapo atakuwa amekwenda mbali.

Ndani ya begi kindoo cha bluu kilikuwa kinamwangalia.

"Usinitazame," alikiambia kindoo.

Aliketi kwenye kigoda alichokalia baba yake. Alijiambia mambo mengi, yote ya haraka, kila moja na jibu lake. Mama yake hakutaki. Kweli, lakini huyo mama amekwenda Yaeda Chini kwenye mawe kwa ajili ya kijana wake, mtu wa namna hiyo unaweza kugombana naye miaka arobaini na bado mkapikiana. Alikuficha safari. Kweli, na amekiri mbele ya kikosi kizima. Umeshasema hata uzi. Kweli, na shahidi yupo.

Hilo la mwisho ndilo lililokosa jibu.

Akanyanyuka kwa hasira, kama mtu anayekwenda kupigana, akachomoa kindoo kwenye begi, akakisukuma chini ya meza, akatia sweta mahali pake. Mshale ukarudi nyuma, chini ya nane. Akafunga zipu.

Ingeishia hapo, hakuna ambaye angejua leo wala kesho. Lakini plastiki ilikuwa imechanika wakati wa kuchomoa, na kwenye ukingo asali ilikuwa inatiririka, nzito, rangi ya jioni, pamoja na kipande cha sega. Itaita sisimizi, alijiambia. Lazima ifutwe. Akatafuta kitambaa. Vitambaa vilikuwepo kila upande, ni kibanda cha nguo, lakini hakuna alichokiona kinafaa. Akainama chini ya meza, akasogeza nyasi mbichi na mfuniko kando, akatia kidole. Kisha akaona kidole kimoja hakitoshi kwa kazi yenyewe, akachukua sega zima.

Akalitia mdomoni, akafumba macho.

Utamu ulikuwa na moshi ndani yake, na maua asiyoyajua ya bonde lile. Perpetua alitafuna taratibu, na akiwa pale chini, magotini, kati ya mabaki ya nyuzi, machozi yakaanza kumshuka bila kumwomba ruhusa, na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na asali.

"Mbona jepesi?"

Alifumbua macho. Viatu vya raba vyenye tope la Jorodom vilikuwa vimesimama mbele ya meza. Juu ya viatu, mwavuli. Juu ya mwavuli, Mama Basili, ameshika begi kwa mkono mmoja, analipandisha na kulishusha. Mwanamke aliyebeba magunia ya mahindi mlimani tangu usichana hana haja ya mizani ya mtu.

Hakusubiri kujibiwa. Alifungua zipu. Akatoa sweta, akalikunjua, akapima bega mpaka bega kwa shubiri zake. Akapima mkono. Akalinusa, akalishikilia kifuani kidogo, kwa namna ambayo pengine hakutaka ionekane. Kisha akainama, polepole, mkono kiunoni, akachungulia chini ya meza.

Waliangaliana.

Mama Basili aliona kindoo. Aliona mfuniko pembeni na nyasi zake nzuri za mtoni. Aliona kidevu kinachong'aa, mashavu yaliyojaa, na machozi yanayoteremka moja kwa moja kuingia kwenye asali.

Halafu akaokota mfuniko, akaubana juu ya kindoo, akapanga zile nyasi juu yake moja moja, na kwa ncha ya kiatu akakisukuma ndani zaidi, mpaka kikagusa ukuta.

"Wolfgang asikione," alisema. "Huyo anapenda asali."

Akalikunja sweta, akalirudisha kwenye begi kwa uangalifu, shingo juu, akafunga zipu. Akavuta kigoda, akakaa, akaweka mwavuli magotini. Nyuma yake, mlangoni, Rogathe alikuwa amesimama na sahani ya wali, kijiko hewani, anaona yote.

"Haya, binti yangu," alisema Mama Basili. "Asubuhi ulikuwa unamwambia huyu mwenzako neno, nimelisikia nikiwa bado niko nje. Lirudie, nilisikie vizuri. Ulisema hata nini?"

Perpetua Gidabuday alifungua mdomo kujibu. Lakini nta ilikuwa imeshika meno yote, ya juu na ya chini.